Maneno Yafike: Mwongozo Kamili wa Kuandaa na Kusoma Tangazo Likasikika na Kueleweka

Msimu mmoja wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nilisoma tangazo mbele ya ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika, wilayani Tandahimba. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Wakulima ambao taarifa zao hazijahakikiwa wasifike ghalani Jumatatu." Jumatatu asubuhi wakafika. Walifika wale wale tuliowaambia wasifike, wengine wametembea kutoka vitongoji vya mbali, akina mama na watoto mgongoni, na hapakuwa na mfuko hata mmoja wa kuwapa. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ulisema wafike."

Moyoni nilisema watu hawasikilizi. Jioni kijana mmoja akanipa simu yake, alikuwa amenirekodi. Nikasikia upepo wa kusi ukipiga kwenye kipaza sauti, spika mbili zikisemeshana, na sauti yangu ikisema neno ambalo hata mimi ningeapa ni "wafike". Silabi moja, *si*, ilikuwa imepotea njiani. Bila silabi hiyo maana yote ilikuwa imegeuka, na mzee alikuwa amesikiliza vizuri kuliko nilivyosoma.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa bidii namna sikio linavyofanya kazi, na nimewafundisha wenzangu wanaosoma matangazo huku Mtwara na jirani zetu wa Lindi. Ninayoandika hapa yanamfaa karani wa chama, mwenyekiti wa kijiji, mhudumu wa afya, mwalimu kwenye kikao cha wazazi, na kijana wa gari la matangazo. Fuata hatua kwa mpangilio huu mara ya kwanza. Ukizoea utajua ipi ya kukazia.

Hatua ya kwanza: lijue sikio kabla ya kufungua mdomo

Wengi tunadhani sikio ni kama debe: unamimina maneno, yanajaa. Sivyo. Anayekusikiliza anafanya kazi kubwa kuliko wewe unayesema. Sauti zinamfikia kwa kasi, silabi tano au sita kwa sekunde, zimeungana bila nafasi kati ya neno na neno. Nafasi tunazoziona kwenye maandishi hazipo hewani. Yeye ndiye anayezikata, na anazikata kwa kubahatisha: anachukua kile alichosikia, anakilinganisha na maneno anayoyajua na jambo analolitarajia, kisha anaamua. Mara nyingi ameshaamua kabla neno halijaisha.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu nyumbani. Mwombe mtu akubali umrekodi kwa simu akizungumza kawaida kwa dakika mbili, habari za shamba au za harusi. Kisha tafuta neno moja katikati ya maneno yake, lichezeshe peke yake, yaani anzisha na simamisha haraka, umwulize mtu mwingine ni neno gani. Utashangaa. Neno ambalo ndani ya sentensi lilikuwa wazi kabisa, likiwa peke yake linakuwa mngurumo. Watafiti wa Marekani, Pollack na Pickett, walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960: walikata maneno kutoka kwenye mazungumzo ya kawaida, na wasikilizaji waliyatambua takriban nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inaeleweka kwa msaada wa maneno jirani.

Jaribio la pili ni la kikohozi. Mwaka 1970 mtafiti Richard Warren alichukua sentensi iliyorekodiwa, akaondoa sauti moja katikati ya neno, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walisikia neno zima. Walijua kuna mtu amekohoa, lakini hawakuweza kuonyesha sauti gani imekosekana, kwa kuwa masikioni mwao haikukosekana. Ubongo uliijaza. Huo ni wema mkubwa tuliopewa. Bila huo tusingeelewana sokoni wala kwenye mashua. Lakini una hatari yake. Ubongo hujaza kile unachokitarajia. Mkulima aliyengoja salfa wiki tatu, akisikia "wa...fike ghalani", atajaza lile analolingoja. Hakudanganya wala hakuzembea. Sikio lake lilifanya kazi yake.

Kwa hiyo anayesoma tangazo ana kazi moja: kumpa msikilizaji vitu vya kubahatishia sawasawa. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya pili: andika upya tangazo kwa ajili ya sikio

Barua inayotoka ofisini imeandikwa kwa macho. Anayesoma kwa macho akipotea anarudi mstari wa juu. Anayesikia harudi, kilichopita kimepita. Usisome barua ya ofisi kama ilivyo. Ketini, hata kwa robo saa, mwiandike upya.

Anza kwa kuwaita wahusika, halafu taja jambo. Mtafiti Colin Cherry, mwaka 1953, aliwapa watu maneno tofauti katika kila sikio na kuwaambia wafuatilie sikio moja. Yaliyosemwa kwenye sikio la pili hawakuyapata kabisa; hata lugha ilipobadilishwa kuwa Kijerumani hawakugundua. Miaka michache baadaye, 1959, Neville Moray akaona kwamba jina la mtu mwenyewe liliweza kupenya kwa baadhi yao. Kwenye mkutano wetu mama anamnyonyesha mtoto, kijana anaangalia simu, wawili wanajadili bei ya ufuta. Kitakachowavuta ni jina lao: jina la kitongoji, "akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano", "wanachama ambao hawajachukua vitambulisho". Ukitaja wahusika mwishoni mwa sentensi, sentensi yenyewe imeshapotea.

Baada ya kuwaita, taja jambo kwa neno moja linalojulikana: salfa, chanjo, malipo, barabara. Msikilizaji akishajua tunazungumzia salfa, maneno yote ya salfa yanakaa karibu: mfuko, ghala, bomba, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Hata upepo ukila nusu ya neno, atalipata. Usipotaja jambo mapema, kila neno analisikia likiwa uchi.

Kisha vunja sentensi. Tazama hii, ya aina tunayoletewa kila siku:

"Mkulima ambaye hajahakiki taarifa zake katika daftari la wakulima kabla ya tarehe iliyotajwa hatapatiwa pembejeo zilizotajwa hapo juu isipokuwa kwa kibali cha mtendaji."

Msikilizaji amebeba "mkulima ambaye" kichwani tangu mwanzo, anangoja kujua atafanywa nini. Anapofika "hatapatiwa" mikono imechoka, halafu anaongezewa "isipokuwa". Na hiyo "hapo juu" kwa anayesikia ni wapi? Juu ya mwembe? Igawe: "Salfa ni kwa waliohakikiwa. Kama hujahakikiwa, nenda kwa mtendaji. Mtendaji anaweza kukupa kibali." Sentensi tatu, kila moja ina jambo moja.

Sasa tufike kwenye silabi ndogo. Hapa ndipo Kiswahili chetu kina utajiri na mtego wake, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasipite haraka. Kitenzi chetu kimebeba mambo mengi katika silabi nyembamba za mwanzo: nani, lini, kweli au si kweli. *Alilipa, atalipa, akilipa, asilipe.* Lakini mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi hizo zinazobeba uzito wa maana mara nyingi ndizo zinazotamkwa kwa wepesi. Katika "wasifike" sauti inapanda kwenye *fi*. *Si* inapita kama kivuli, na *s* yenyewe ni sauti ya mzomeo mwembamba ambayo upepo na spika mbovu huimeza kwanza.

Kwa hiyo, jambo la kukataza usiliachie *si* peke yake. Badala ya "wasifike Jumatatu", sema "Jumatatu wabaki nyumbani, siku yao ni Alhamisi." Badala ya "vidonge hivi mtoto asimeze kabla ya kula", sema "mtoto ale kwanza, ndipo ameze vidonge." Katika zahanati tofauti ya "ameze" na "asimeze" ni tofauti ya mgonjwa kupona au kudhurika, na wahudumu wengi wanaitamka huku wameinamia daftari. Ukilazimika kukataza, tumia neno zito linalosimama lenyewe: marufuku, acha kabisa, hapana ruhusa.

Vivyo hivyo kwa "ana" na "hana". Tofauti yao ni *h* tu, na wapo wengi ambao *h* hiyo haitoki midomoni, "hana homa" ikawa "ana homa". Geuza: "homa ipo", "homa haipo". Hapo hata *h* ikidondoka, "ipo" na "aipo" bado hazifanani, maana kuna silabi nzima ya ziada. Ni mbinu ndogo, lakini inafaa sana unapotoa taarifa ya mgonjwa kwa simu.

Jambo moja la kukufariji: upatanisho wa ngeli ni rafiki wa sikio. Ukisema "magunia yale mawili yaliyolowa yatarudishwa", alama ya ngeli imerudi kila neno. Moja likipotea, yaliyobaki yanashuhudia kwamba bado tunazungumzia magunia, si mkulima wala gari. Kwa hiyo unaposoma tangazo, shika upatanisho kamili, usiulegeze kama kijiweni. Si suala la kuonyesha umesoma.

Hatua ya tatu: namba, saa na siku

Maneno ya kawaida yanasaidiwa na majirani zake. Namba hazina jirani. Ukisema "bei ni elfu mbili mia tatu na...", chochote kinaweza kufuata, kwa hiyo sikio halina la kubahatishia.

Namba zinazotusumbua kuliko zote ni sita na tisa. Zitamke taratibu uone: konsonanti ni zile zile, *s* na *t*, irabu ni zile zile, *i* na *a*. Zimebadilishana viti tu. Sitini na tisini ni hivyo hivyo, na pale pana tofauti ya shilingi thelathini kwa kila kilo ya korosho. Katika mnada, mkulima anayekubali bei akidhani ni tisini, kumbe ni sitini, ataondoka na uchungu utakaodumu hadi msimu ujao. Fanya hivi: taja namba, kisha itaje kwa njia ya pili. "Sitini, sita sifuri, ile inayofuata hamsini." "Tisini, tisa sifuri, kumi pungufu ya mia." Kama watu wanakuona, onyesha vidole. Kama kuna ubao, andika, lakini usiseme tu "kama mnavyoona ubaoni", kwa kuwa wapo wasiosoma na wapo walio mbali.

Angalia pia "laki mbili na hamsini". Wengi wataelewa laki mbili na elfu hamsini, mwingine atashika shilingi hamsini. Taja "elfu" yake kila mara.

Saa ina hatari ya aina nyingine. Karatasi imeandikwa 9:00, msomaji anasema "saa tisa asubuhi". Saa tisa asubuhi ipi? Geuza saa zote kwa Kiswahili unapoandika upya, si wakati wa kusoma: 9:00 ni saa tatu asubuhi, 2:00 mchana ni saa nane. Na "kesho" iepuke kabisa. Siku hizi tangazo hurekodiwa na kutumwa kwenye makundi ya simu. Anayelisikia keshokutwa ana kesho yake. Taja siku kwa jina.

Hatua ya nne: fikiria masikio yaliyolelewa kwa lugha nyingine

Mtoto mchanga ana sikio la dunia nzima. Watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi sita hadi minane, waliolelewa kwa Kiingereza huko Kanada, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitofautisha. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi walikuwa wameshapoteza uwezo huo. Sikio lilikuwa limeamua zipi ni sauti za nyumbani, na zile zisizo na kazi nyumbani likaziacha zipite.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Huku kwetu, bibi aliyelelewa kwa Kimakonde pale Newala, au kwa Kiyao kule Masasi, alikulia kwenye lugha ambazo *r* na *l* hazitofautishi neno na neno. Akisikia "kura" na "kula", "mahari" na "mahali", "karamu" na "kalamu", anategemea zaidi maneno ya jirani kuliko sauti yenyewe. Aliyelelewa kwa Kimakua alikulia na tofauti ambayo wengi wetu hatuisikii tena: *p* ya kawaida na *p* yenye pumzi. Waswahili wa pwani wa zamani nao walikuwa nayo, paa la nyumba na paa wa porini yakatamkwa tofauti. Lakini *b* na *p* kwa huyo wa Kimakua ni jambo alilojifunza baadaye. Hakuna hapa sikio bovu. Nimesikitishwa mara nyingi na watumishi wageni wanaomcheka mzee kwa jambo hili, ilhali wao wenyewe wakisikia Kimakonde hawasikii hata kwamba kidatu cha sauti, yaani kupanda na kushuka kwake, kinabadilisha maana.

La kufanya ni jepesi. Pitia tangazo lako ukitafuta jozi za hatari: *r* na *l*, *th* na *s*, *dh* na *z*, *p* na *b*. "Thamani" ikitamkwa kwa *s* inakuwa "samani", na tangazo la thamani ya shamba linakuwa la viti na meza. Kwa kila neno la hatari, liwekee jirani wa kulilinda: "kupiga kura, kuchagua viongozi", "thamani, yaani bei yake". Katika kikao chenye wazee wengi, tafuta mtu atakayerudia kwa lugha ya nyumbani mwishoni. Mpe karatasi mapema, asitafsiri kwa kukurupuka.

Hatua ya tano: mahali, spika na uso

Katika uwanja wa wazi sauti hupungua kwa desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliye mita nane anapata pungufu ya aliye mita nne kwa kiasi hicho, na aliye kumi na sita pungufu tena. Kwa hiyo kuwasogeza watu karibu kunasaidia kuliko kupiga kelele. Waombe wasogee, waje kivulini, akina bibi wakae mbele. Ukiweza, upepo utoke nyuma yako kuelekea kwao. Kusi linapovuma mchana, mkutano wa asubuhi una faida. Mvua ikianza kupiga bati, nyamaza. Usishindane nayo.

Spika za pembe ndizo zilizoniangusha mimi. Tulizifunga moja kwenye ghala, nyingine kwenye mti mbali kidogo, tukidhani tunawafikia watu wengi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Msikilizaji akiwa karibu na spika moja, na nyingine ikiwa mbali zaidi kwa mita 70, sauti ya pili inamfikia imechelewa sehemu ya tano ya sekunde, na huo ndio urefu wa silabi moja. Kila silabi inaangukia juu ya ile inayofuata. Fungeni spika zote kwenye nguzo moja, zimeelekezwa pande tofauti. Kipaza sauti kifunike kwa sponji au kitambaa chembamba kuzuia upepo, ukishike pembeni kidogo ya mdomo. Punguza ile "mwangwi" ambayo vijana wa muziki huipenda; kwenye ngoma inapendeza, kwenye tangazo inaua.

Na inua uso. Tunasikia kwa macho pia. Sumby na Pollack walionyesha mwaka 1954 kwamba penye kelele, anayeuona uso wa msemaji anaelewa maneno mengi zaidi kuliko asiyeuona. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walitoa ushahidi wa ajabu zaidi: walicheza sauti "ba" juu ya picha ya mdomo unaosema "ga", na watu wazima wengi wakasikia "da", sauti ambayo haikuwepo popote. Kwa hiyo usifunike mdomo kwa karatasi, wala usisome umegeukia jua huku wao wakikuona kama kivuli. Karatasi iwe kifuani, herufi kubwa, ili macho yako yapande na kushuka.

Kwa mzee mwenye usikivu uliopungua, usipige kelele. Umri kwa kawaida huondoa kwanza sauti nyembamba za juu, zile za *s, f, th, sh*. Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazokua, na konsonanti alizozikosa anaendelea kuzikosa, juu yake anajiona anagombezwa mbele za watu. Msogelee, mwamkie, mkabiliane uso kwa uso, sema taratibu kwa sauti ya kawaida, na akikosa neno badilisha neno badala ya kulirudia lile lile. Na kama usikivu umepungua ghafla au sikio linauma, hilo ni jambo la hospitali. Njiti za kiberiti na vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani zaidi.

Simu nayo ina upungufu kama huo wa mzee. Mitambo ya kawaida ya simu ilijengwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa mingi, sauti ni nyembamba), wakati sikio la kijana linafika hezi 20,000, na sehemu kubwa ya *s* iko juu ya mpaka huo. Unapotoa majina na namba kwa simu, gawa tatutatu na umwombe mwenzio arudishe kila kundi kabla hujaendelea.

Hatua ya sita: kusoma kwenyewe

Hapa ni mafupi. Soma kwa sauti mara mbili nyumbani. Weka alama ya mkwaju kila mahali pa kupumua, na pale pumua kweli, pumzi moja kamili, kwa kuwa ndipo msikilizaji anafunga fungu moja na kuliweka. Anayesoma polepole bila kupumzika hasaidii sana. Anayesoma kwa mwendo wa kawaida na kupumzika mahali pake anasaidia.

Lilinde lile pigo la silabi ya pili kutoka mwisho. Ndilo linalomwambia Mswahili kwamba bado silabi moja neno liishe, na kwa hilo anakata mkondo wa sauti kuwa maneno. Wanaosoma kwa mnada, wakivuta kila silabi sawasawa, wanamnyang'anya kisu chake. Pia kuna maneno ambayo pigo ndilo linaloyatofautisha: barabara ya magari, pigo kwenye *ba* ya pili kutoka mwisho; kufanya jambo barabara, pigo kwenye *ra* iliyo kabla ya *ba* hiyo.

Hatua ya saba: hakikisha

"Mmenielewa?" "Tumeelewaaa!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Aliyesikia vibaya anajibu kwa sauti ile ile, kwa moyo mweupe, maana hajui kwamba amesikia vibaya. Mwombe mtu akurudishie maneno kwa namna yake, na jukumu lichukue wewe: "Mama, naomba unisaidie kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza salfa ni lini, utamwambiaje?" Ukiuliza hivyo hakuna anayeaibika.

Hili ndilo tangazo langu la mwanzo, kama ninavyolisoma sasa:

"Ndugu wanachama wa vitongoji vyote vinne. Hili ni la salfa. / Salfa ipo. / Itaanza kutolewa Jumatatu, hapa ghalani, saa mbili asubuhi. / Majina ya waliohakikiwa yamebandikwa mlangoni. / Kama jina lako lipo mlangoni, njoo Jumatatu. / Kama jina lako halipo mlangoni, Jumatatu baki nyumbani. Siku yako ni Alhamisi. / Alhamisi njoo na kitambulisho, tukuhakiki kwanza. / Narudia. Jina lipo, Jumatatu. / Jina halipo, Alhamisi."

Nikimaliza, sishuki. Nawatafuta watu watatu: bibi aliyekaa nyuma kabisa, kijana wa bodaboda aliyefika katikati ya maneno, na mmoja ambaye jina lake halipo mlangoni. Nawauliza kila mmoja siku yake. Mmoja wao akinirudishia siku nyingine, nachukua kipaza sauti tena kabla watu hawajatawanyika.